Utunzaji wa Kalipa za Breki Zilizopakwa Rangi katika Magari ya Vyama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda ikaonekana ajabu kwamba mazungumzo ya ushirika yaache kwa muda bei ya mazao, mikopo ya pembejeo na hesabu za mwaka, yageukie kipande cha chuma kilichojificha nyuma ya gurudumu la gari. Lakini chama chenye gari moja kinajua thamani ya gari hilo. Ndilo linalopeleka mbolea na magunia matupu kwenye vituo vya kununulia mazao. Ndilo linalompeleka mtunza fedha benki. Na mara nyingi, usiku wa manane, ndilo linalombeba mama mjamzito kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya. Gari hilo limenunuliwa kwa makato ya kila kilo ya mazao ya kila mwanachama. Likiharibika kwa uzembe, hasara ni ya wote; na likiangamia pamoja na watu waliomo, hasara hiyo haina fungu katika kitabu chochote cha hesabu.

Siku hizi yanaonekana magari mengi ambayo kalipa zake za breki zimepakwa rangi nyekundu, ya manjano au ya fedha. Wako wanaodhani kwamba hayo ni mapambo tu ya vijana wa mjini. Wako pia wanaodhani kwamba gari lenye kalipa nyekundu husimama upesi kuliko jingine. Dhana zote mbili zina kasoro. Rangi haiongezi nguvu ya breki hata kidogo, wala haikupakwa kwa urembo peke yake. Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukinga chuma na kutu. Ya pili ni kumpa dereva uso safi, ambao juu yake kila dalili ya ubovu huonekana mapema. Kwa hiyo neno kuu la mazungumzo haya ni moja: rangi iliyotunzwa hufichua ubovu, na rangi iliyopakwa ovyo huuficha. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

KALIPA NI NINI

Kalipa ni kile chuma kizito kinachoikumbatia diski ya breki mithili ya koleo. Dereva akikanyaga pedali, nguvu ya mguu wake husukuma mafuta ya breki kutoka silinda kuu, kupitia mabomba membamba na mipira, hadi ndani ya kalipa. Humo mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi mbili huibana diski huku na huku. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na gari husimama.

Kalipa ziko za namna mbili. Iko kalipa isiyosogea, ambayo ina pistoni pande zote mbili za diski. Iko pia kalipa inayosogea, ambayo ina pistoni upande mmoja tu. Hiyo huteleza juu ya pini zilizopakwa grisi, ili pedi ya upande wa pili nayo ivutwe na kubana. Katika namna zote mbili, sharti la kazi njema ni lile lile: vinavyopaswa kusogea visogee bila kukwama, na mafuta yabaki ndani.

Ufundi huu si mpya. Mwingereza Frederick Lanchester alipewa hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Katika mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, mwaka 1953, gari la Jaguar lenye breki za diski liliibuka la kwanza. Na mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilitoa gari la DS lenye diski katika magurudumu ya mbele. Sababu ya ufundi huo kuenea ni nyepesi kueleweka. Breki ya ngoma imefunikwa, kwa hiyo joto lake hukawia kutoka. Diski iko wazi, nayo hupoa upesi kwa upepo. Ndiyo maana hata pikapu nyingi ambazo nyuma zina ngoma, mbele zina diski.

Lakini uwazi huo huo unaoipoza breki ndio unaoiacha mikononi mwa matope, maji na vumbi. Kalipa nyingi ni za chuma cha kusubu, nacho chuma hicho kikipata unyevu na hewa hushika kutu. Hapo ndipo rangi inapohitajika.

MAADUI WA KALIPA

Adui wa kwanza ni matope. Matope ya barabara za udongo hujishindilia katika pembe za kalipa, yakakauka kwa nje na kubaki na unyevu kwa ndani. Gari likikaa juma zima bila kuoshwa, chuma kilichoko chini ya matope huwa kama kimelala ndani ya kitambaa kibichi.

Adui wa pili ni chumvi. Vyama vya pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na vile vya Unguja na Pemba, vinaifahamu kazi ya upepo wa bahari juu ya mabati na misumari. Kazi hiyo hiyo huifanya juu ya kalipa. Zaidi ya hapo, magari mengi yanayonunuliwa na vyama yameshatumika Japani kabla ya kufika bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na mikoa ya Japani yenye theluji humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Chama kinachonunua gari la namna hiyo hakina budi kulichungulia chini, si kulitazama bodi tu.

Adui wa tatu ni mbolea, naye ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Mbolea za chumvichumvi huvuta unyevu wa hewa na kula chuma. Mfuko ukipasuka ndani ya gari, unga wake hupenya katika nyufa za sakafu, ukaanguka juu ya magurudumu na breki. Dereva akifagia sakafu peke yake, amefanya nusu ya kazi.

Adui wa nne ni vumbi la breki lenyewe. Pedi na diski zikisuguana hutoa chembe ndogo mno za chuma, tena zenye joto. Chembe hizo hujichoma juu ya rangi, zikashika kutu, na baada ya muda rangi huwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa maji matupu.

Adui wa tano ni mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo hutumika katika magari mengi, hulainisha rangi na kuibandua. Tone moja likiachwa siku moja laweza kuondoa rangi mpaka kwenye chuma. Hata hivyo, mafuta hayo huchanganyika na maji. Kwa hiyo yakimwagika, yaoshwe papo hapo kwa maji mengi, wala yasisubiri kufutwa jioni.

MFANO WA KUTAFAKARI

Mfano ufuatao haumhusu mtu wala chama fulani, bali kila katibu aupime kwa gari la chama chake.

Chukulia chama chenye pikapu moja. Mkutano mkuu wa mwaka umekaribia, na kamati inataka wanachama waone kwamba mali yao inatunzwa. Gari linapelekwa kuoshwa. Hapo anatokea kijana mwenye kopo la rangi nyekundu, naye anajitolea kuzipaka kalipa kwa malipo madogo. Magurudumu hayafunguliwi. Rangi inapulizwa kupitia matundu ya rimu, juu ya vumbi, juu ya kutu, juu ya mipira na juu ya nati ndogo ya kutolea hewa. Katika nusu saa kazi imekwisha. Siku ya mkutano gari linang'aa, wanachama wanaridhika, na hati ya malipo inatiwa sahihi.

Lakini kabla ya rangi ile, mpira wa pistoni wa gurudumu la mbele kushoto ulikuwa umeanza kuvuja. Dalili yake ilikuwa alama nyeusi ya unyevu juu ya vumbi, ambayo dereva mwangalifu angeiona kwa kuinama tu. Rangi imeifunika. Baada ya siku chache rangi ya mahali pale inavimba na kubanduka, na dereva anasema, "Rangi ile ilikuwa duni." Hakuna anayejiuliza ni kitu gani kilichoibandua.

Juma la tatu, gari linapakia mifuko 20 ya mbolea, kila mmoja wa kilo 50, yaani tani nzima, na kuteremka mlimani kwenda kituo cha tambarare. Kwenye kona ya pili pedali inazama. Dereva anarudisha gia, anavuta breki ya mkono, na kulielekeza gari kwenye tuta la udongo. Yeye na wapakizi wawili wanatoka salama. Wangekuwa kwenye mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, au katika kona za barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo, habari yao ingesimuliwa na wengine.

Hapo rangi haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kupaka kabla ya kukagua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na gari nalo lina maradhi yake.

JINSI YA KUSAFISHA

Usafi wa kalipa ni wa namna mbili: ule wa kila juma na ule wa kufungua gurudumu.

Usafi wa kila juma ni kazi ya dereva, wala hauhitaji fundi. Gari liachwe kwanza mpaka breki zipoe kabisa. Diski iliyotoka mteremkoni huwa na joto kali, na maji baridi yakimwagwa juu yake ghafla yaweza kuipinda au kuipasua. Rangi ya kalipa nayo hupata nyufa. Ikiisha kupoa, matope yalainishwe kwa maji mengi yasiyo na kasi kubwa. Kisha kalipa isuguliwe kupitia matundu ya rimu kwa brashi laini yenye mpini mrefu na maji ya sabuni hafifu, halafu isuuzwe. Mwisho, gari liendeshwe taratibu mwendo mfupi, na breki zikanyagwe polepole mara kadhaa ili diski na pedi zikauke. Gari likiegeshwa likiwa na breki zenye maji, diski hushika kutu usiku ule ule, na pedi zaweza kugandamana nayo.

Usafi wa kufungua gurudumu ufanywe kila gari linapopelekwa matengenezo ya kawaida, na kwa uchache kabla ya masika na baada yake. Utaratibu wake ni huu:

1. Gari lisimamishwe mahali pa sawasawa na pagumu, na magurudumu yatakayobaki chini yawekewe kabari.

2. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini, ndipo jeki ipigwe. Gari likishainuliwa liegemezwe juu ya stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala tofali lisitumiwe badala ya stendi.

3. Gurudumu likishatolewa, kalipa itazamwe kwanza kabla ya kuguswa na maji. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu maji yakishamwagwa huondoa ushahidi. Dereva atafute unyevu wa mafuta karibu na mpira wa pistoni, kwenye nati ya kutolea hewa na mahali mpira wa breki unapoungana na kalipa. Apime pia kwa jicho unene wa pedi zote mbili.

4. Vumbi lilowanishwe, kisha lifutwe kwa kitambaa kibichi au brashi laini. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, lisipulizwe kwa mdomo, wala lisifagiliwe likiwa kavu. Pedi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999, na katika Umoja wa Ulaya marufuku yalitimia mwaka 2005. Lakini gari kuukuu au pedi isiyojulikana ilikotoka haiwezi kuaminiwa kwa macho. Fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayofaa kuzuia vumbi laini.

5. Uchafu wa mafuta na grisi uondolewe kwa dawa maalumu ya kusafishia breki, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Baadhi ya dawa hizo zikipata joto la kuchomelea hutoa gesi ya sumu. Kwa hiyo kazi ya kulehemu isifanywe karibu na chuma ambacho hakijakauka. Baadhi ya dawa hizo pia huweza kulainisha rangi. Maelezo ya kopo yasomwe kwanza, na dawa ijaribiwe mahali padogo pasipoonekana.

6. Madoa ya kahawia yaliyogandamana juu ya rangi yaondolewe kwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma isiyo na asidi kali. Dawa hiyo ikikutana na chembe hizo hugeuka rangi ya zambarau. Isiachwe ikaukie juu ya kalipa, bali isuuzwe vizuri.

7. Gurudumu lirudishwe, na nati zikazwe kwa kukabiliana, si kwa kuzunguka, mpaka kiasi kilichotajwa katika kitabu cha gari. Kabla ya kuondoka, dereva akanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu.

VITU VYA KUEPUKWA

Iko desturi katika sehemu nyingi za kuoshea magari ya kumalizia kazi kwa kupuliza chini ya gari dizeli iliyochanganywa na oili chafu, ili chuma king'ae na kutu izuiwe. Desturi hiyo ni hatari kubwa kwa breki. Oili ikifika juu ya pedi au diski, breki huteleza. Na pedi iliyonywa oili haisafishiki, sharti ibadilishwe. Tena dizeli, petroli, mafuta ya taa na oili ya injini huvimbisha na kuharibu mipira ya kalipa ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Dereva wa chama aikatae huduma hiyo hata akipewa bure.

Tindikali za kung'arishia rimu zisitumiwe juu ya kalipa, kwa kuwa hula rangi na chuma pamoja. Brashi ya waya isipitishwe juu ya rangi nzima; mikwaruzo yake ndiyo milango ya kutu. Bomba la maji ya kasi lisielekezwe karibu kwenye mpira wa pistoni wala kwenye vifuniko vya pini, maana maji yakisukumwa ndani hayatoki, na kutu ya ndani ndiyo inayokwamisha kalipa.

KUPAKA NA KUTENGENEZA RANGI

Rangi ikishabanduka mahali, sehemu hiyo itengenezwe mapema. Kutu ikipata tundu dogo hutambaa chini ya rangi pasipo kuonekana, mpaka ganda zima linyanyuke.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi wa fundi wa breki anayeaminika. Kalipa inayovuja au iliyokwama haipakwi rangi. Inatengenezwa au inabadilishwa. Kalipa ikithibitika nzima, kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mahali palipoharibika mpaka chuma kionekane, huku mipira ikikingwa. Kisha uso wote usafishwe mafuta na kukaushwa. Rangi haishiki juu ya grisi, na ikipakwa juu ya vumbi huwa imelipaka vumbi, si chuma.

Kabla ya kupaka, sehemu zifuatazo zizibwe kwa utepe na karatasi: diski, pedi, mpira wa pistoni, mpira wa breki, nati ya kutolea hewa, pini na vifuniko vyake, na njia ambazo pedi hutelezea. Rangi ikiingia katika njia hizo pedi hubana, haziachii tena diski sawasawa. Vilevile isipakwe mahali chuma kinapokutana na chuma kwa boliti, wala kwenye uso ambao rimu huegemea. Tabaka la rangi hapo hulainika na kuliwa, na nati zilizokazwa hulegea zenyewe.

Rangi yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa kalipa za breki, yenye kustahimili joto. Rangi ya milango na madirisha hulainika, huvimba na kubanduka. Ipakwe kwa matabaka membamba mawili au matatu, kila tabaka likiachwa muda uliotajwa kwenye kopo. Tabaka moja nene hutiririka na kukauka kwa nje tu. Gari lisitoke kabla ya muda wa kukauka kutimia, ambao kwa kawaida ni siku nzima au zaidi. Kama gari linahitajiwa kesho asubuhi kubeba mazao, basi rangi isubiri.

Rangi ikishakuwa ngumu yaweza kulindwa kwa dawa ya kukinga rimu inayostahimili joto. Nta ya kawaida ya bodi haifai, kwa kuwa huyeyuka kwa joto la breki. Dawa ipakwe kwa kitambaa, isipulizwe, ili tone lisiifikie diski.

Kuna ulinzi mwingine usiouzwa dukani, nao ni mwendo wa dereva. Anayeteremka mlima kwa gia ndogo huiachia injini kazi ya kulizuia gari. Breki zake hubaki na ubaridi wa kadiri, na rangi hudumu. Anayeteremka huku amekanyaga breki njia nzima huchoma rangi, hula pedi, na zaidi ya hayo huchemsha mafuta. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya kiasi fulani kiwango hicho hushuka mpaka nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali hukanyaga mvuke badala ya mafuta. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

KUZISOMA DALILI

Kalipa safi yenye rangi nzima ni kama daftari lililofunguliwa. Unyevu unaorudi mahali pale pale baada ya kuoshwa ni dalili ya kuvuja. Rangi inayovimba na kubanduka karibu na nati ya kutolea hewa au chini ya pistoni ni dalili kwamba mafuta yanatoka. Rangi iliyogeuka kuwa ya kahawia au nyeusi katika gurudumu moja, hali mengine yamebaki kama yalivyokuwa, ni dalili ya kalipa iliyokwama na inayobana wakati wote. Vumbi likiwa jingi mno upande mmoja kuliko wa pili, au pedi ya ndani ikiwa nyembamba na ya nje bado nene, maana yake pini au pistoni haisogei. Gari likivuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, au rimu moja ikatoa joto na harufu ya kuungua baada ya safari, gari hilo halipakii mzigo kesho yake. Linakwenda kwa fundi.

WAJIBU WA CHAMA

Ndugu makatibu, kazi hii haina gharama kubwa, bali inataka utaratibu. Kwanza, kitabu cha gari kiwe na ukurasa wa breki. Kila usafi wa kufungua gurudumu uandikwe: tarehe, kilomita zilizosomwa, aliyefanya, unene wa pedi za kila gurudumu, na dalili zilizoonekana. Ikiwa hakuna dalili, iandikwe kwamba hakuna. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mkaguzi neno lolote.

Pili, katibu asiidhinishe malipo ya rangi ya kalipa kabla ya kupokea karatasi ya ukaguzi yenye sahihi ya fundi. Pedi zilizokwisha na vifaa vilivyotolewa virudishwe ofisini vionekane, kisha ndipo vitupwe. Pedi zikibadilishwa, zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya ekseli moja, kwani kubadilisha upande mmoja ni kulifundisha gari kuvuta upande.

Tatu, dereva asiadhibiwe kwa kutoa taarifa ya ubovu. Katika baadhi ya vyama dereva hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba anakwepa safari, au kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Kimya hicho ni rangi nyingine iliyopakwa juu ya kutu. Dereva anayesema "gari hili halifai kwenda leo" aheshimiwe na kusikilizwa, hata kama mbolea inasubiriwa.

Nne, kamati ya usimamizi, inapokagua mali za chama, isitosheke na kuhesabu magurudumu na kutazama bodi. Iombe gurudumu moja lifunguliwe. Mwanachama wa kawaida naye, anapoona gari la chama limeegeshwa kituoni, ana haki ya kuinama na kuchungulia, na kuuliza swali katika mkutano mkuu. Gari ni lake.

Ndugu wanachama, hakuna chama kitakachosifiwa kwa sababu kalipa zake ni nyekundu. Lakini chama ambacho kalipa zake ni safi, rangi yake nzima, na ukurasa wake wa breki umejazwa, kinajua hali ya gari lake kabla gari halijakijulisha lenyewe mlimani. Rangi ipakwe, na itunzwe. Ila ipakwe juu ya chuma kilichokaguliwa.